Uzi Uliolala Darini

Kila Jumamosi asubuhi, mumewe akiingia kuoga, Mama Vifungo alifanya jambo la kiwizi. Si wizi wa kuchukua kitu, la. Wizi wa kuweka. Alifunga mlango wa chumba cha cherehani, akapanda kigoda, akashusha sufuria kubwa ambayo haikuwa imepikiwa kitu tangu watoto wake waondoke kwenda kuanza maisha yao. Ndani yake akatoa koni mbili za uzi wa dukani, bado zimo kwenye nailoni. Kisha akachukua koni tupu ya zamani, ya kahawia, yenye nembo ya kiwanda, akaisindilia kitambaa isiteleze, akaichomeka pale pa kuzungushia bobini, akakanyaga. Uzi wa dukani ukahamia kwenye koni ya kiwanda mbio mbio, utadhani unahama nyumba kabla mwenye nyumba hajaamka.

Saa yake ilikuwa sauti ya mumewe. Mzee huyo aliimba tangu kopo la kwanza la maji mpaka la mwisho, na akinyamaza ujue anajikausha. Kufika hapo, nailoni ilikuwa imeshaungua jikoni, sufuria imerudi juu, na Mama Vifungo anashona mbele ya dirisha na uso mkavu kabisa.

"Uzi wangu unaendaje leo?" mumewe aliuliza akipita na taulo begani.

"Unaenda vizuri, baba watoto."

"Utaenda tu. Ule si uzi wa kubahatisha."

Mtaani walimwita Kiwanda, kwa sababu hakuweza kumaliza maongezi bila kusema "sisi kule kiwandani". Ukimsalimia tu, umekwisha. Angekushika mkono akueleze jinsi pamba ilivyochanwa mpaka ikawa kama moshi, ikasokotwa kuelekea kulia, kisha nyuzi tatu zikakutanishwa na kusokotwa pamoja kuelekea kushoto ili zibanane zenyewe kwa zenyewe. Halafu zikapitishwa juu ya moto, chapuchapu, ziungue malaika, vile vinyweleo vya juu. Halafu nta. Alisimama mbele ya mashine za kusokotea tangu ndevu zake zinaanza kuota mpaka zikaanza kuwa nyeupe. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa pesa hakuna, kila mtu ajichukulie uzi. Kiwanda alirudi nyumbani na gunia juu ya gunia, akayapanga darini, chini ya mabati, akamwambia mkewe kwamba maisha yake yote hatanunua uzi tena.

Na kweli, mwanzoni Mama Vifungo hakununua. Alishona kwa uzi ule masika na kiangazi. Lakini dari lile mchana lilikuwa tanuri, na mvua zikija maji yalipenya kwenye tundu za misumari. Uzi wa pamba una roho yake, haupendi kuokwa wala kuloweshwa. Siku moja karani mmoja aliyeshonewa suruali na Mama Vifungo aliinama ofisini kwake kuokota kalamu, na suruali ikafunguka nyuma toka kiunoni mpaka chini, mbele ya foleni nzima ya watu. Alirudi na suruali ndani ya gazeti. Hakugomba, maskini. Aliiweka juu ya meza akasema, "Mama, walinipigia makofi," akaondoka.

Mama Vifungo alivuta uzi wa mshono ule kwa vidole viwili tu. Ukakatika kama nywele. Akaujaribu uzi wa koni iliyokuwa kwenye cherehani, ukakatika. Akapanda darini, akajaribu za juu, za katikati, za chini ya gunia. Zote zilikuwa zimeoza, zimekaa pale zinang'aa kwa nta yao, nzuri kwa macho.

Alikusudia kumwambia mumewe siku ile ile. Mungu ni shahidi. Alimsubiri mlangoni na koni mkononi. Lakini mumewe alirudi siku hiyo ametoka kuomba kazi mahali, na kijana mmoja wa huko alikuwa amemuuliza, huku anacheka, kama kusokota uzi nayo ni kazi ya mtu kusomea. Kiwanda aliingia, akakaa bila kuvua viatu, akaona gauni lililomalizika likining'inia ukutani. Akalishika pindo lake. "Hata wakicheka," alisema, "uzi wangu bado unavaliwa." Mama Vifungo akaificha koni nyuma ya mgongo. Tangu siku hiyo sufuria ikapata kazi.

*

Basi siku ya mkasa wenyewe, Mama Vifungo alikuwa ametoka kwenda kutafuta zipu na bitana. Aliporudi alimkuta mumewe amesimama barazani, kifua mbele, ananuka sabuni mpya.

"Kaa chini, mke wangu," alisema. "Kaa kwanza. Nyoosha mguu."

Alimvalisha viatu. Viatu vya kike, vyeusi, vya kisigino kifupi, vya mguu wake hasa, kwa sababu alikuwa amekwenda dukani na kandambili yake ya zamani kupimia. Mama mkwe, aliyekaa kwenye mkeka akichambua mboga, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu leo amekuwa bwana harusi!"

"Pesa umetoa wapi?" Mama Vifungo aliuliza. Ni swali lililotoka lenyewe, na alijuta kuliuliza kwa sauti ile.

"Nimeuza uzi."

"Uzi gani?"

"Uzi gani tena? Uzi wangu! Spidi amepata kazi ya majoho ya kwaya, zambarau tupu, kwaya nzima. Amekuja hapa analalamika uzi umepanda bei. Nikamwambia, kaka, una uzi juu ya kichwa chako hapa jirani na unakwenda kuhangaika? Nimemshushia gunia. Zambarau zote."

Spidi alikuwa fundi wa baraza la jirani, kijana aliyeitwa hivyo kwa sababu alishona shati wakati wengine wanatafuta mkasi. Hakuwa mtu wa kununua kitu bila kukijaribu, na Mama Vifungo alishika tumaini hilo. "Na yeye akachukua tu, hakuujaribu?"

"Aliujaribu! Kwani mimi mtoto?" Kiwanda akanyoosha kidole kuelekea dirishani, kwenye cherehani, kwenye koni ya kahawia iliyosimama juu yake. "Nilimwambia vuta huo, huo huo anaoshonea mke wangu. Akavuta mpaka ukamkata kidole. Damu kabisa! Akasema, mzee, hii kamba ya meli. Akalipa papo hapo."

Mama Vifungo aliviangalia viatu vyake. Alijisikia kama mtu aliyemeza mwiba na kuambiwa aimbe. Uzi uliomkata Spidi kidole aliuhamisha yeye kwa mkono wake, Jumamosi, wakati mumewe anaimba. Bila yeye, gunia lile lisingeuzika hata kwa kichaa.

"Hujafurahi?" mumewe akauliza, na tabasamu lake likaanza kupungua pembeni.

"Nimefurahi," alisema. "Nimefurahi mno, baba watoto. Ni machozi tu."

Mumewe alipotoka kwenda kuwasimulia wenzake, mama mkwe aliacha mboga.

"Njoo hapa," alisema. Mama Vifungo akasogea. "Mimi macho yangu ni mabovu, masikio ni mazima. Kila Jumamosi nakusikia unazungusha. Na karani alipokuja na gazeti lake nilikuwa nimelala hapa hapa."

"Mama, uzi ule umeoza."

"Najua umeoza."

"Majoho yatafumuka. Spidi ataaibika, na watu watasema…"

"Watasema Spidi anashona ovyo, kwani si kweli?" Bibi kizee akamshika kiganja, akakibana kwa nguvu ambayo hakuna ambaye angemdhania. "Sikiliza, mkwe wangu. Mwanangu leo amecheka. Tangu kiwanda kifungwe sijamsikia akicheka hivi. Ukifungua mdomo wako, utakuwa umenizikia mtoto ningali hai. Umeweza kunyamaza mpaka leo, endelea."

*

Mama Vifungo hakuweza kunyamaza wala kusema. Akachagua njia ya katikati, nayo ndiyo iliyomtia aibu. Asubuhi iliyofuata alivuka kwenda baraza la jirani, akamkuta Spidi amezama katika bahari ya zambarau, mguu unakanyaga kama anafukuzwa.

"Shemeji! Karibu. Unaona mambo?"

"Naona. Spidi, huo uzi… unaenda?"

"Mwanzo ulinisumbua. Ulikatika, nikaufunga, ukakatika tena. Nikalegeza skrubu hapa ya kubania. Sasa angalia, unateleza kama mafuta."

Mama Vifungo alifumba macho kidogo. Fundi yeyote anajua kwamba ukilegeza skrubu ile, hata uzi wa buibui utapita. Mshono utakuwepo, lakini utakuwepo kwa macho tu.

"Mimi nakushauri ununue mwingine," alisema. "Wa dukani. Huo ni wa zamani. Majoho ya kwaya yana mikono mikubwa, watu wananyanyua mikono…"

Spidi akasimamisha mguu. Cherehani ikanyamaza. Alimtazama kwa jicho la huruma ambalo lilikuwa baya kuliko tusi.

"Shemeji, nilijua utakuja. Niliambiwa uliitaka hii kazi ya kwaya. Ulikwenda kwa mwalimu wa kwaya na vipande vyako vya mfano, ni kweli si kweli?"

"Ni kweli, lakini…"

"Basi. Nimepata mimi. Mume wako ananiuzia uzi, anausifu mpaka mate yanamtoka, na uzi huo huo wewe unashonea kila siku. Halafu wewe unakuja kunikatisha tamaa. Sitakasirika. Wivu wa kazi upo, sote binadamu. Lakini usirudie, tafadhali."

Wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi waliangalia pembeni, kwa adabu. Mmoja akakohoa. Mama Vifungo alirudi nyumbani na viatu vyake vipya, na kila hatua vililia ko, ko, ko, mtaa mzima ukamsikia anavyorudi.

Mngesema, kwa nini basi asimwambie kweli pale pale? Ni rahisi kusema mkiwa mmekaa. Kumwambia Spidi ilikuwa ni kumwambia Kiwanda, kwa mdomo wa jirani, na yeye aliona bora mumewe asikie kutoka kwake. Akajiambia atamwambia jioni. Jioni mumewe akaleta habari kwamba amepata wateja wengine wawili wa uzi. Akajiambia kesho.

*

Ijumaa mchana wakaja. Mbele alitangulia mwalimu wa kwaya, mtu mwembamba mwenye tai, na nyuma yake waimbaji wawili wa sauti nzito, vifua kama kabati, kila mmoja amekumbatia rundo la zambarau. Katikati yao Spidi, bila kandambili mguu mmoja.

"Ni hapa?" mwalimu aliuliza. Spidi akaitikia kwa kichwa. "Ndugu, wewe ndiye uliyemuuzia huyu uzi?"

"Ndiyo mimi," Kiwanda alisema akiinuka, na alikuwa bado anatabasamu, akidhani ameletewa shukrani. "Karibuni. Viti…"

"Hatukai. Tumefanya mazoezi ya mwisho leo, tumevaa majoho. Wageni wanatutazama, mfadhili yupo, mama mchungaji yupo. Tumefika kwenye kibwagizo, nikawapa ishara, kwaya nzima ikanyanyua mikono." Mwalimu alivuta pumzi. "Ndugu yangu, makwapa yote yalifunguka. Yote! Kwa wakati mmoja! Nilisikia trrr, nikadhani ni ngoma imepasuka. Dada mmoja wa sauti ya kwanza joho lake lilibaki kola tu."

Mmoja wa wale vifua kabati aligeuza uso, mabega yakamcheza. Mwalimu akamtazama, naye akaacha kucheka.

"Jumapili tunaimba mbele ya watu ambao sijui hata niwaelezeje. Huyu anasema uzi wako umeoza. Nimekuja nisikie kutoka kwako kabla sijachukua cherehani yake, maana malipo ameshakula."

"Umeoza?" Kiwanda alilitamka neno hilo taratibu, kama jina la mtu asiyemjua. "Uzi wangu? Mwalimu, ingia. Ingieni wote." Akawaongoza mpaka dirishani, kwenye cherehani ya mkewe. "Huu hapa. Umetoka kwenye gunia moja, kiwanda kimoja, mikono hii. Mke wangu hashonei mwingine. Vuta! Usinionee haya, vuta kwa nguvu zako."

Mwalimu akavuta. Akavuta tena. Akazungusha uzi kiganjani akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa, uzi ukaacha mstari mwekundu kwenye ngozi yake. Haukukatika. Akamgeukia Spidi.

"Kwa hiyo mwongo ni wewe."

"Mwalimu, naapa…"

"Umenunua uzi mzuri ukauuza, ukatushonea kwa takataka. Vijana, kachukueni hiyo cherehani."

"Mwalimu, ile ndiyo sahani ya watoto wangu!" Spidi alikuwa analia, mtu mzima yule, kamasi na machozi pamoja. "Mzee Kiwanda, sema kitu! Shemeji! Shemeji, si ulikuja kunionya wewe mwenyewe? Si ulisema nisitumie uzi huu? Waambie!"

Kiwanda akamgeukia mkewe.

"Ulikwenda kumwonya nini?"

Kwenye mkeka, mama mkwe alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Mama Vifungo alikisikia na kukielewa, na kwa muda alitamani kukitii. Angesema tu, "Sikumbuki," na mumewe angebaki amesimama vile alivyosimama, mrefu, mkono juu ya koni. Gharama yake ingekuwa cherehani ya mtu mwingine. Alimtazama Spidi, akaona mguu wake usio na kandambili, umejaa vumbi.

Alipanda kigoda. Alishusha sufuria. Akaiweka juu ya meza, akafunua kifuniko, na koni za dukani zikaonekana ndani ya nailoni zao.

"Uzi ulio kwenye cherehani si wa kiwanda," alisema. "Ni huu. Naununua, nauhamishia kwenye koni zetu. Ule wa darini ulioza zamani. Spidi hakuiba kitu."

Kiwanda alitoka, wakamsikia anapanda ngazi, wakasikia hatua zake darini, kisha akashuka na koni moja mkononi, ya uzi mweupe, ya zile alizozifunga mwenyewe. Akauvuta uzi. Ukakatika, bila hata sauti. Akavuta tena mahali pengine. Akavuta tena. Alifanya hivyo mbele ya wote, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache, mpaka sakafu ikajaa vipande.

"Mwalimu," hatimaye alisema, "kosa ni langu. Cherehani ya huyu kijana iacheni. Nilimuuzia kitu kilichokufa."

"Jumapili, mzee," mwalimu alisema, naye sauti ilikuwa imempungua. "Mimi nahitaji majoho Jumapili."

"Acheni hapa," Mama Vifungo alisema. "Mtayapata."

*

Wageni walipoondoka alimfuata mumewe chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akiitazama mikono yake.

"Tangu lini?"

"Tangu karani yule achanikiwe na suruali."

"Siku zote hizo." Alitikisa kichwa. "Mimi napita hapo na taulo, naulizia uzi wangu, na wewe unanijibu unaenda vizuri."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanicheka?"

"Sijakucheka hata siku moja!" Alipiga magoti mbele yake bila kujua amepiga. "Nililia. Unajua nililia mara ngapi huku nazungusha ule uzi? Nilikuwa nakupenda, nikaogopa."

"Ulikuwa unanihurumia."

"Sijui tofauti yake iko wapi. Wewe niambie, maana mimi imenishinda kuiona."

Mama mkwe alisimama mlangoni, ameshika ukuta. "Usimgombeze peke yake. Hata mimi nilijua."

"Hata wewe, mama?" Kiwanda alimtazama mama yake, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto. "Basi nyumba nzima. Mlikuwa mnanipikia, mnanifulia, na mnanidanganya. Nimeuza kitu kibovu kwa watu kwa kuwaamini ninyi. Mngeniambia ningeumia siku moja. Sasa nimegeuka mwizi mtaani, na sikujua."

Mama Vifungo alitaka kumshika mkono, mumewe akauondoa. Hakuuondoa kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Baadaye kidogo Mama Vifungo alivitoa viatu vyeusi, akavipangusa, akavirudisha dukani, na pesa akampelekea Spidi. Spidi alizipokea bila kumtazama usoni, kisha akasema, "Shemeji, nisamehe kwa ile siku." Mama Vifungo akaitikia kwa kichwa tu.

*

Jumamosi hakuna aliyeimba bafuni. Spidi alileta cherehani yake mapema, wakaziweka mbili barazani, uso kwa uso, na majoho yote kwenye shuka katikati. Kabla ya kushona upya ilibidi kila mshono ufumuliwe, hata ule ambao haujaachia, na kazi hiyo ndiyo inayokula siku. Spidi alifumua kwa wembe, kasi yake ikawa haina faida, kila mara anasimama asikate kitambaa.

Kiwanda akatoka. Alivaa shati lake la zamani la kazini. Hakumsalimia mtu, akakaa chini kwenye shuka, akavuta joho moja, akalipindua ndani nje. Wembe hakuutaka. Alishika mshono kwa vidole viwili kila upande, akautanua kidogo, uzi ukaachia wenyewe mpaka mwisho. Akavitoa vipande kimoja kimoja, akavikusanya pembeni, akamtupia mkewe joho likiwa safi. Akachukua lingine.

Alifanya hivyo asubuhi nzima. Uzi ambao aliusokota yeye mwenyewe, akausimulia mtaa mzima, aliutoa kwa mikono yake joho baada ya joho, na kichuguu cha zambarau kikaota ubavuni mwake. Mama Vifungo alishona na moyo wake unavuja. Angependa afadhali mumewe apige kelele.

Katikati ya mchana Kiwanda aliinua joho moja, akautazama mshono wake kwa karibu.

"Spidi. Ulilegeza skrubu."

"Ulikuwa unakatika, mzee."

"Uzi ukikukatikia mara tatu unakwambia kitu. Wewe ukatafuta namna ya kuunyamazisha." Alisema hivyo kwa Spidi. Lakini Mama Vifungo aliinamisha kichwa, na mama mkwe huko kwenye mkeka hakukohoa.

Jua lilipoanza kushuka majoho machache yalikuwa bado, na cherehani ya Spidi ikaanza kupiga hewa. "Uzi umeisha," alisema. "Na maduka yanakaribia kufunga."

Mama Vifungo akainuka haraka, mkono tayari unatafuta khanga ya kufichia mfuko, kwa mazoea tu. Kisha akakumbuka kwamba hakuna tena cha kuficha, akabaki amesimama.

"Kaa ushone," mumewe alisema. "Nitakwenda mimi."

Wote watatu wakamtazama. Duka la uzi lilikuwa ng'ambo ya barabara, na tangu kiwanda kifungwe mzee huyo hakuwahi kupita upande ule, alikuwa akizunguka. Alijipangusa nyuzi kwenye suruali, akavaa kandambili, akashuka ngazi ya baraza. Hapo akasimama, akawapa mgongo.

"Nikifika pale," aliuliza, "ninasemaje?"

Mama Vifungo akarudi kukaa kwenye cherehani. Mtu huyu alijua uzi tangu ukiwa mbegu.

"Sema unataka uzi wa kushonea. Zambarau. Koni tatu."

"Watanipa tu, au niuvute kwanza?"

"Uvute kwanza," alisema mkewe, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Uvute mbele yao. Na ukikatika uwaambie hapo hapo, usiwaonee haya."

Kiwanda akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumtazama usoni, na alimtazama muda mrefu, mpaka Spidi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Na mimi," alisema, "uniambie hapo hapo."

"Nitakwambia."

"Hata kama nimetoka kudhalilishwa. Hata kama nacheka."

"Hata kama unacheka, baba watoto."

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akavuka barabara, akaingia dukani kununua uzi.